GB 512 si RAM: jibu kwa kijana wa Mwanza

Juzi kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nataka kuuza kompyuta yangu niongezee hela ninunue kishikwambi cha GB 512. Na nafasi yote hiyo, kuediti harusi kutanishinda kweli?"

Nilirudia kuusoma ujumbe ule, maana maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe dukani hapa Tanga, pesa nimezishika mkononi. Muuzaji akanijibu, "Hizi GB dada huzimalizi." Nikalipa.

Nikapata harusi ya familia kubwa. Kamera tatu, zote 4K, yaani picha za ubora mkubwa, na video ilitakiwa ionyeshwe kwenye vunja kamati Jumamosi iliyofuata. Siku tatu za mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Nilipofika kwenye keki nikaweka kamera zote tatu kwa pamoja, nikapaka rangi, nikaongeza mwendo wa polepole na majina ya maharusi. Kioo kikatulia kidogo, kisha programu ikatoweka. Hakuna onyo wala ujumbe wa kosa. Nikafungua tena, nikagusa palepale, ikatoweka tena. Usiku wa Ijumaa ilifunga mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Alfajiri nikaanza kurenda kile kilichokuwepo, yaani kukigeuza kuwa video moja iliyokamilika, mwenyekiti wa kamati akanitumia WhatsApp, nikaenda kumjibu. Niliporudi, kurenda kumekufa.

Nikapeleka dakika kumi na mbili. Mama wa bibi harusi alikaa mstari wa mbele, kanga yake mpya bado ina mikunjo ya dukani. Picha zilipokatika pale maharusi wanaingia ukumbini, akageuka kunitazama, akangoja. Alidhani kuna sehemu ya pili. Mweka hazina hakunilipa hela iliyobaki, na sikuwa na mdomo wa kuidai. Mpaka leo nikipita karibu na ukumbi ule moyo unanikaza.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. GB 512 ni stoo. Stoo ya shughuli inaweza kujaa magunia ya mchele, lakini pilau unalipika kwa ukubwa wa sufuria, na sufuria ndiyo RAM, kumbukumbu inayoshika kazi unayoifanya wakati huo. Fremu moja ya 4K, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ina pikseli (nukta za rangi) 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Ikishafunguliwa, kila pikseli ikichukua baiti nne, fremu hiyo inakula kama MB 33. Sekunde moja ya fremu 25 ni zaidi ya MB 800, na hapo ni kamera moja tu, bado rangi na maandishi. Programu haishiki sekunde nzima kwa wakati mmoja, inashika fremu chache chache, lakini kila tabaka unaloongeza linadai fungu lake.

Kompyuta RAM ikijaa humwagia ziada kwenye diski. Inakuwa nzito, feni inapiga kelele, ila mara nyingi kazi haifi. Vishikwambi kwa miaka mingi havikuwa hivyo: mfumo ukiona programu imezidi kipimo chake, unaifunga. Tazama iPad Pro ya 2021. Yenye stoo ya GB 128, 256 au 512 ilikuwa na RAM ya GB 8. Za TB 1 na TB 2 ndizo zilizopewa GB 16. Na hata yenye GB 16, mwanzoni programu moja haikuruhusiwa kuvuka kama GB 5. iPadOS 15, mfumo unaoendesha iPad, ndiyo iliyowafungulia watengenezaji mlango wa kuomba zaidi, na iPadOS 16 ya mwaka 2022 ikaruhusu baadhi ya iPad zenye chipu ya M1 kuazima nafasi kwenye stoo. Kwa hiyo ukiulizia GB dukani, ulizia RAM.

Jumamosi iliyopita nilikabidhi harusi nzima, saa moja na robo, kwa kishikwambi kilekile. Kilekile! Nilichobadilisha ni mimi. Siku hizi naeditia nakala nyepesi za 1080, ambazo pikseli zake ni robo ya 4K, na picha halisi zinarudi wakati wa kurenda tu. Harusi naigawa vipande: kiapo peke yake, maandamano peke yake, keki, zawadi. Kila kipande nakirenda kwa ubora wa juu kabisa, kisha naviunganisha kwenye mradi mpya usio na madoido yoyote. Programu nyingine zote nazifunga. Kurenda kukianza, WhatsApp ya kamati itasubiri.

Vijana wenzangu, tuheshimu shughuli za watu. Mama anachanga miaka, anashona, anaalika ukoo mzima, halafu wewe unakwenda kujaribia kifaa kipya juu ya siku yake? Usithubutu. Jifunze kipimo cha chombo chako kabla hujapokea malipo ya kwanza.

Kompyuta usiiuze bado. Azima kishikwambi hicho kwa siku moja, weka dakika ishirini za kamera tatu, paka rangi, weka majina, renda mpaka mwisho. Kikifunga hata mara moja, niandikie kabla hujalipa.