Kabla ya Kupima Damu ya Majeruhi, Uliza Saa

Vijana wanaoingia kwenye utafiti wa majeruhi mahututi huniuliza waanze na kipimo gani. Huwa nawaambia waanze na saa. Si saa majeruhi alipofika hospitali, bali saa alipoumia.

Mimi nilijifunza hili kwa machungu. Nilikuwa na majeruhi wawili, wote wamevunjika paja na nyonga, umri wao unakaribiana. Damu ya kwanza ya mmoja ilikuwa na CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapoumia au kuugua, ya juu sana; ya mwenzake ilikuwa ya kawaida kabisa. Wiki nzima nilihangaika nayo, nikaanza hata kuandika maelezo ya kitaalamu kuhusu tofauti ya miili yao. Muuguzi wa zamu ndiye aliyenitoa gizani. "Daktari, huyu wa kwanza alilala mtaroni usiku kucha ndipo akaonekana. Yule mwingine aliletwa papo hapo." Kwenye lebo zangu wote wawili nilikuwa nimewaandikia "saa 0". CRP huanza kupanda saa kadhaa baada ya kuumia, na hufika kileleni kama siku ya pili. Maelezo yangu niliyachana.

Saa ina uzito huo kwa sababu inflamesheni ya majeraha, yaani mwili kuwaka na kuvimba ukijihami, haisubiri vijidudu. Nyama na mifupa ikipondwa, seli hupasuka na kumwaga vya ndani kwenye damu, zikiwamo chembechembe za mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli. Mitokondria asili yake ni bakteria wa zamani sana, na bado zimebaki na alama za ukoo huo. Mwaka 2010 Carl Hauser na wenzake walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba chembechembe hizo huamsha neutrofili, askari wa damu, kana kwamba bakteria wamevamia. Ndiyo maana majeruhi anaweza kupata homa, moyo ukaenda mbio, mapafu yakajaa maji na figo zikagoma, ukaotesha damu yake maabara kutafuta vijidudu usipate hata kimoja. Maambukizi yatafute kwa bidii, maana yanaua, lakini usiyaandike kwenye fomu kwa sababu ya homa tu.

Hata tiba ina saa yake. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa 2010, ulihusisha majeruhi zaidi ya 20,000 na kuonyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, hupunguza vifo. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ukafichua kwamba ikitolewa baada ya saa 3 tangu kuumia, vifo vya kuvuja damu viliongezeka. Dawa ile ile, dozi ile ile.

Jingine: usipende nadharia yako kuliko mgonjwa. Kwa miaka mingi walioumia kichwa walipewa steroidi, kwa hoja iliyoonekana haina shaka: ubongo umevimba, dawa inashusha uvimbe. Mwaka 2004 utafiti wa CRASH, wenye majeruhi 10,008, ulikuta kwamba katika wiki mbili walikufa asilimia 21 ya waliopewa steroidi, na asilimia 18 ya wasiopewa. Kila ninapopata wazo zuri la kuzima inflamesheni nazikumbuka namba hizi, na naumia.

Kuhusu sampuli, andika saa ya kuchota na saa ya kuizungusha kwenye mashine ili plazma, yaani maji ya damu, ijitenge na chembe, kwa kalamu isiyofutika na spiriti. Damu ikikaa mezani, seli huendelea kupasuka humo humo ndani ya chupa. Plazma safi ni ya manjano; ukiiona ya waridi, chembe nyekundu zimeshavunjika, na utakachopima kinaweza kuwa kimetoka kwenye uzembe wako, si kwenye mwili wa majeruhi.

Na saa ya kuumia utaipataje? Ukiwauliza ndugu "aliumia saa ngapi?" watakujibu chochote, maana wamechanganyikiwa. Kaa nao kwanza, wape pole, waache wapumue. Kisha muulize aliyekuwa karibu naye: "Ulipoona ameanguka, ulimpigia nani kwanza?" Atakutajia mtu. Mwombe afungue simu yake muangalie pamoja. Saa imeandikwa pale, hadi dakika.