Leza inavyogundua kasoro ndani ya tairi

Ndugu, umeuliza leza inaonaje kasoro ndani ya tairi la ndege wakati mwanga haupenyi mpira. Haioni ndani, inapima jinsi uso unavyosogea. Hologramu (picha ya leza inayonasa umbo la kitu kwa kina chake) ya kwanza hupigwa tairi likiwa limetulia, kisha hewa ya chumba hupunguzwa na kupigwa ya pili. Palipoachana matabaka, hewa iliyonaswa huvimbisha uso kidogo mno, na picha hizo zikikutana, miviringo hutokea papo hapo penye kasoro. Kwa leza nyekundu ya heli-neoni (leza ya gesi), kila mstari wa miviringo hiyo ni msogeo wa uso wa takriban mikromita 0.3, na mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita! Watafiti Powell na Stetson walieleza mbinu hii mwaka 1965, huko Michigan, Marekani. Adui wake ni mtikisiko, kwa hiyo viwandani sasa hupendelewa sherografia, mbinu nyingine ya leza inayouvumilia zaidi.