Kabla hujaitia stempu kwenye beseni

Juzi tena kijana kanitumia picha kwa furaha: beseni la maji ya vuguvugu, Penny Red (stempu nyekundu za peni moja za Uingereza, za karne ya 19) zinaelea, na bahasha zenyewe ziko kwenye ndoo ya taka. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtanipandisha presha. Someni haya kabla hamjachemsha maji mengine.

1. Usibandue. Kama stempu ya zama za Victoria bado iko kwenye barua yake, iache hapo hapo.

Hili nimelilipia. Nilipoanza nilipata kifurushi cha barua za kibiashara za miaka ya 1840 na 1850, zile za karatasi iliyokunjwa yenyewe bila bahasha. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye albamu, kila stempu kwenye kijisanduku chake. Nikaloweka zote. Gundi iliachia vizuri sana, nikajiona fundi. Barua zikawa rojo, wino wa kahawia ukatapakaa, nikazikamua na kuzitupa. Kati ya stempu hizo kulikuwa na Penny Red isiyo na meno (kingo zake hazina vitobo vya kuchania), muhuri wa namba umekaa katikati barabara, kila mstari unahesabika. Nikafungua orodha ya namba za ofisi za posta kutafuta mji. Nikakuta miji miwili! Posta ya Uingereza ofisi ikifungwa, namba yake iliweza kupewa ofisi nyingine, na bila tarehe huwezi kujua unaangalia ipi. Tarehe ilikuwa wapi? Kwenye barua. Tangu Mei 1844 kazi ya muhuri wa namba ilikuwa kuifuta stempu isitumike tena, basi. Jina la mji na tarehe viligongwa kwa muhuri mwingine, mara nyingi nyuma ya barua, na nyuma hiyo nilikuwa nimeikamua kwa mikono yangu miwili. Nikampelekea mzee mmoja aliyenitangulia katika mambo haya. Akaishika kwa kibano, akaitazama kwa lenzi muda mrefu, akaniuliza, "Barua yake iko wapi?" Nikanyamaza. Akanirudishia stempu, akaagiza chai, tukaongea habari za mpira. Angenitukana ningepata nafuu. Ninayo hadi leo, na chini yake nimeandika kwa penseli majina ya miji yote miwili na alama ya kuuliza.

Na ninyi mnaojitetea kwamba "nakata kipande tu", mmesahau muhuri pacha ulioingia mwaka 1853. Upande wenye namba hupiga stempu, upande wenye tarehe huangukia karatasi pembeni. Mkasi wako unapita katikati yao.

2. Jua umbo kabla ya namba. Mihuri ya 1844: England na Wales ni duaradufu ya mistari, Scotland ni mstatili, Ireland ni almasi. Namba ileile ipo kwenye zote tatu, kwa hiyo usiniulize "namba 62 ni wapi?" bila kuniambia umbo. London ina aina zake, chungu nzima, ziache kwanza.

3. Msalaba wa Malta, yaani muhuri wenye umbo la msalaba uliofuta stempu kabla ya mihuri ya namba. Mwekundu juu ya Penny Black (stempu nyeusi ya peni moja) ni kawaida, ndivyo walivyoanza Mei 1840. Wino ule ulifutika kirahisi, na posta ikaogopa kwamba watu wangetumia stempu mara mbili. Mapema 1841 wakageuza: stempu ikawa nyekundu, wino ukawa mweusi. Hivyo ukiona msalaba mwekundu juu ya Penny Red, uliza maswali. Ukiona wa samawati au zambarau na bei yake ni ya mchicha, funga pochi. Misalaba yenyewe haifanani, na ndipo utamu ulipo: ya Kilmarnock, Mullingar na Wotton-under-Edge utaizoea kama sura za majirani. Ile yenye namba 1 hadi 12 katikati ni ya London, kuanzia 1843.

4. Penny Black "isiyotumika" ya bei nafuu huenda ilifutwa kwa kalamu, kisha mtu akaiosha. Ipige mwanga kwa ubavu.

5. Msitupe stempu yenye muhuri wa A25 kwenye rundo la "Uingereza ya kawaida". Stempu ni ya Uingereza, ndiyo, lakini muhuri ni wa posta ya kisiwa cha Malta. A26 ni Gibraltar, A01 ni Kingston ya Jamaica, C51 ni St Thomas, kisiwa kilichokuwa cha Wadenmaki. Kuna mtu aliniuzia C51 kwa bei ya soda, na sikumfumbua macho. Mniombee.

Na wanaotafuta namba ya Unguja, pumzikeni. Posta ya Unguja ilikuwa chini ya India hadi 1895, barua zilikwenda kwa stempu za India na muhuri wenye jina Zanzibar. Stempu za Uingereza mtazikuta Mombasa, zile za 1890 zilizopigwa chapa ya Kampuni ya Imperial British East Africa: nusu ana (ana ni sarafu ya India) juu ya peni 1, ana 1 juu ya peni 2, ana 4 juu ya peni 5. Chapa hiyo imeghushiwa mno. Ukiletewa, usitoe hela kabla hujamwonyesha mtu anayezijua, na usiipeleke karibu na maji.