Chupa ya Maji Chini ya Meza: Majibu ya Maswali Yenu

Joto la miezi hii limeniletea ujumbe mwingi kuhusu maji, na wanaouliza maji huishia kuuliza na sahani. Nimechukua maswali saba. La kwanza nimelijibu kwa urefu, maana nalisikia kila wiki kwenye chumba cha ushauri wa lishe, na kina mama wengi hulisema kwa sauti ya chini.

Nauza mitumba sokoni Dar es Salaam. Naingia saa 12 asubuhi, natoka saa 1 usiku. Choo ni cha kulipia, kichafu, na nikiondoka kwenye meza naibiwa. Kwa hiyo sinywi maji mpaka nirudi nyumbani. Siku hizi nikikojoa nasikia moto. Ni joto hili?

Hapana, dada yangu. Hiyo ni dalili ya maambukizi ya njia ya mkojo, ile UTI tunayoisikia kila siku. Nenda kituo cha afya upimwe mkojo kabla ya kumeza dawa yoyote. Usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki za kubahatisha, kwa sababu ukimeza isiyo yake, au ukaacha dozi katikati, bakteria wanabaki na wanaizoea dawa. Na kama una homa, unatetemeka, unaumwa ubavuni au una mimba, usingoje kesho.

Mkojo unapotoka husukuma bakteria nje. Kwa mwanamke njia hiyo ni fupi, hivyo bakteria hawana safari ndefu kufika kwenye kibofu. Unapokunywa kidogo na kubana kwa saa kumi na tatu, unawapa muda wa kutosha kuzaliana.

Sikulaumu hata kidogo. Mwanamke anayejinyima maji kwa sababu ya choo hakukosa elimu ya afya, amekosa choo. Ni yaleyale ya safari za basi: wapo wanaoacha kunywa maji tangu usiku wa kuamkia safari kwa kuogopa kuchimba dawa porini mbele ya abiria wenzao. Linaniumiza, na naomba wenye masoko na wenye mabasi wanaosoma hapa walichukulie kwa uzito.

Wakati tunasubiri, nikueleze nilichokiona kwa mama mmoja muuza nyanya. Chini ya meza yake kuna chupa ya lita moja na nusu, na katikati ya chupa amezungushia mpira mwekundu wa kufungia pesa. Maji lazima yafike kwenye mpira kabla ya adhuhuri. Yeye na jirani yake wa vitunguu wamepeana zamu: saa 4 mmoja anasema "nishikie meza", akirudi anakwenda mwingine, na alasiri vivyo hivyo. Anakunywa kidogo kidogo, kwa hiyo haja haimjii kwa fujo. Wewe ongeza glasi mbili mara unapoamka, ili haja ya kwanza ikukute bado uko nyumbani. Hela ya choo ihesabu pamoja na nauli. Halafu mkusanyike kumi mwende kwa uongozi wa soko. Mnalipa ushuru, na choo safi ni haki yenu.

Ni kweli lazima ninywe lita tatu kwa siku? (Mwanafunzi wa chuo, Mwanza)

Si lazima. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikadiria mwaka 2010 kuwa mwanamke mzima anahitaji lita 2 na mwanamume lita 2.5, na humo wamehesabu pia maji yaliyomo kwenye uji, mchuzi, chai, chungwa na tikiti. Hayo ni makadirio ya nchi zisizo na joto kali. Anayelima Dodoma juani au anayebeba zege atahitaji zaidi. Kipimo chako cha bure ni mkojo: ukiwa wa manjano hafifu, uko sawa, ukiwa kama chai ya rangi, kunywa. Ule wa kwanza asubuhi huwa mzito, na vidonge vya vitamini B huufanya manjano makali, kwa hiyo usivitumie hivyo viwili kujipima. Usishindane kumaliza lita nyingi kwa mkupuo. Figo za mtu mzima hutoa takriban lita moja kwa saa, na ukizizidi, chumvi ya damu inashuka kiasi cha kuhatarisha maisha.

Na maji yawe salama: yachemke mpaka yatokote, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko, uchote kwa jagi lenye mpini ili vidole visiguse maji.

Maji ya moto na limao asubuhi yanatoa sumu mwilini na kukata kitambi?

Yanywe kama unayapenda, ni maji pia. Kazi ya kutoa sumu inafanywa na ini na figo usiku na mchana, na kitambi hakiyeyuki kwa limao. Ukimaliza suuza kinywa, maana asidi hula meno. Limao hilo lina kazi nzuri zaidi mezani, nitaifikia.

Nina mtoto wa miezi mitatu, tuko Tanga na joto ni kali. Mama mkwe anasema maziwa ni chakula, maji ni maji, na mtoto ana kiu. Nikikataa kumpa naonekana mkatili.

Mama mkwe anamhurumia mjukuu wake. Anza kwa kumwambia kwamba unaliona hilo, ndipo umweleze kuwa zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji. Yale yanayotoka mwanzo wa kunyonya ni mepesi, na ndiyo yanayomkata mtoto kiu. Joto likizidi atataka titi mara nyingi zaidi. Mpe.

Hadi atimize miezi sita hahitaji maji mengine, labda dawa aliyoandikiwa na mtaalamu. Tumbo lake ni dogo, na kila kijiko cha maji kinakaa mahali pa maziwa. Maji yakiwa na vijidudu atahara, na hapo ndipo atakapokaukiwa kweli. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki unapanda, anapata cha kumtosha. Siku ya kliniki mwombe mama mkwe mwende wote, muuguzi amweleze mbele yako. Neno la mkwe huwa zito, na la muuguzi litakusaidia kulibeba.

Anayehitaji maji hapo ni wewe. Kila unapokaa kunyonyesha uwe na glasi pembeni, na mwombe mama mkwe ndiye akuletee.

Tuko sita nyumbani, Morogoro. Nyama tunaiona mara moja kwa mwezi. Ugali na mboga za majani kila siku, wanangu watapata lishe bora kweli? Na dona au sembe?

Watapata, kaka, kama sahani itapangwa upya. Sahani nyingi ninazoziona zina mlima wa ugali na mchicha wa kuchovya tu. Geuza: nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo ugali, na robo maharage, kunde, choroko, dagaa au yai. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kwa matembele na mapapai ya Morogoro hilo halihitaji utajiri.

Dagaa tunawadharau kwa udogo wao, na hapo tunakosea. Wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo mtoto anapata protini na madini ya chokaa kwa pamoja. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, upike bila magadi. Najua magadi yanaokoa mkaa, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, na kuloweka nako kunaokoa mkaa.

Matembele na mchicha osha kabla ya kukata. Usichemshe ukamwaga maji, maana umemwaga na vitamini. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, dakika chache tu, kisha karanga zilizotwangwa au tui la nazi kidogo, kwa sababu vitamini A ya majani inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Kisamvu ndicho cha kutofautisha: kina sumu ya sianidi, hivyo lazima kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu, mwanzoni bila kufunikwa.

Sasa lile limao. Likamulie kwenye mboga au maharage wakati wa kula. Vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma, ambayo ndiyo ya kujenga damu. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwa hiyo iweke mbali na mlo, ikae kama saa nzima. Nimekuta watoto wenye upungufu wa damu ambao kila mlo wao unasindikizwa na kikombe cha chai, na wazazi wanadhani wanawafanyia wema.

Dona ni bora, kwa sababu ina pumba na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na vitamini B nyingi. Kiini kina mafuta, unga unachacha haraka, kwa hiyo saga wa wiki moja au mbili. Jambo moja nisilolegezea: mahindi yenye ukungu usiyasage. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Anika juu ya turubai, chambua punje zilizooza au kubadilika rangi, na hizo hata kuku usiwape.

Naendesha bodaboda Arusha. Enaji mbili kwa siku, jioni chips mayai. Nina nguvu lakini naambiwa najiua. (Miaka 26)

Chukua chupa yako usome lebo. Nyingi zina karibu gramu 11 za sukari kwa mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina gramu 33, yaani vijiko vya chai nane. Chupa mbili ni gramu 66, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku, na heri 25. Kafeini nayo inauficha usingizi tu, na ikiisha unakukuta barabarani. Ukisinzia, egesha kijiweni ulale dakika 20. Mchana kula wali maharage na mboga kwa mama ntilie, beba maji, ndizi na karanga. Chips mayai si sumu, mara moja au mbili kwa wiki, kwa kachumbari nyingi na chumvi kidogo.

Baba yangu ana miaka 74, yuko Kigoma. Anasema hana kiu, ila anapata kizunguzungu na choo kigumu. Anameza dawa za presha.

Nisalimie mzee, mwambie shikamoo. Umri ukienda, hisia ya kiu hupungua ingawa mwili bado unahitaji maji. Ukimuuliza "baba, utakunywa maji?" atasema hapana. Mpelekee tu kikombe: akiamka, akimeza dawa, akimaliza sala, kabla ya kula. Uji mwepesi wa ulezi, supu na papai vinahesabika, na papai litamlainishia choo. Wazee wengi huacha kunywa kwa kuogopa kuamka usiku, kwa hiyo mengi ayanywe kabla ya jua kuzama, na kopo liwe karibu na kitanda.

Ila usimwongezee maji mengi kabla ya kuuliza. Baadhi ya dawa za presha humkojoza mtu, na mwenye tatizo la moyo au figo huwekewa kiwango. Kizunguzungu chenyewe huenda kinatokana na dozi. Akichanganyikiwa ghafla, au asipokojoa kwa saa nyingi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hata bila hayo mpeleke wiki hii: tia vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, na mitishamba yake pia, umwonyeshe daktari, kisha uliza baba anaruhusiwa maji kiasi gani kwa siku.