Kupasha maji ya bwawa la kuogelea kwa moto wa kuni

Umeuliza kama ni salama kupitisha maji ya bwawa katika bomba la shaba lililozungushwa ndani ya jiko la kuni. Ni salama, mradi maji yasisimame hata kidogo moto ukiwaka, kwani maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,600, na bomba lililozibwa pande zote mbili hupasuka kwa kishindo na kuunguza walio karibu. Washa pampu kwanza, weka mkono kwenye mdomo wa bomba la kurudisha maji mpaka uhakikishe yanatoka kwa nguvu, ndipo uwashe moto. Usifunge koki yoyote kati ya jiko na bwawa, na pampu iendelee mpaka makaa yapoe kabisa. Umeme ukikatika, ondoa kuni mara moja. Jiko likae nje, kwa sababu ya hewa ya sumu ya kaboni monoksidi.

Uwe na subira pia: bwawa la lita 30,000 huhitaji takriban kilowati-saa 175 ili joto lipande nyuzi 5 tu, kwa hiyo lifunike usiku, nakusihi, joto lisipotee.