Barua kwa mwanangu: hiyo Prado ni ya kazi gani?

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeuona jana usiku, sikutaka kukujibu kwa voisi maana ningeongea mengi bila mpangilio, leo asubuhi nimekaa nikuandikie vizuri. Nakumbusha ulichouliza ili tusipishane: mkopo wa kazini umepita, hela ya Prado iliyotumika inatosha, wenzako ofisini wanakwambia chukua Prado, mama yako anakwambia chukua kigari kidogo cha IST, na wewe unataka kujua kama mtu akinunua gari kubwa kwa hela yake halali kuna ubaya gani au ni wivu wa watu tu. Na umesema unaniuliza mimi kwa sababu nimeendesha mashangingi ya serikali mpaka nikastaafu.

Nakujibu kama dereva kwanza halafu kama baba. Gari kubwa ikiwa na kazi yake mi sina neno nayo kabisa. Ikiwa haina kazi, ubaya upo, na unawaangukia watu ambao hata hawakujui.

Kazi yake naijua vizuri. Kabla hawajaweka lami Tunduma hadi Sumbawanga nimepita ile njia masika, tope linafika kwenye milango, malori yamelala yamejipanga, na ile Land Cruiser hardtop ya injini ya 1HZ ukiingiza gia ya chini matairi yote manne yanavuta inatoka taratibu tu kama haina habari. Hizo hardtop ndizo zinabeba chanjo, ndizo ambulance za wilaya nyingi, mama mwenye uchungu anafikishwa hospitali kwa sababu kuna mtu alinunua gari nzito yenye tenki mbili. Hapo ukiniambia gari inakula mafuta nitakwambia iache ile, inalipa kila lita.

Sasa gari ya aina hiyohiyo, tena V8 ya lita 4.5, ililetwa mjini tukawa tunampeleka mtu mmoja kutoka nyumbani kwake kwenda kwenye mkutano, lami mwanzo mwisho. Akishashuka sisi madereva tunabaki nje tumepanga magari kivulini na injini zinanguruma, kiyoyozi kimewaka, kwa sababu bosi akitoka anatakiwa akute baridi. Mkutano wa masaa matatu, injini masaa matatu. Lisaa limoja likiisha imeondoka lita nzima na zaidi na gari haijasogea hata hatua. Muuza maji na muuza karanga wanapita katikati ya mabomba ya moshi wamejifunika pua na leso. Hayo ndio maelekezo tuliyopewa na kila dereva aliyefanya kazi ile anayajua.

Majirani zetu walijaribu kulishika hili jambo. Kenya mwaka 2009 Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha alisema kwenye bajeti waziri abaki na gari moja ya injini isiyozidi 1,800cc, zikaletwa Volkswagen Passat, na wapo mawaziri waliong'ang'ania yale makubwa utadhani wamezaliwa nayo. Rwanda katikati ya miaka ya 2000 waliyakusanya magari makubwa ya maofisa wakayapiga mnada. Utaniambia hiyo ni hela ya umma baba, mimi nanunua kwa jasho langu. Sawa, hapo ndipo tukae sasa.

Mafuta yote tunayochoma yanatoka nje na yanalipiwa kwa dola. Mwaka 2023 dola ilipoadimika hapa nchini uliona mwenyewe wafanyabiashara walivyohangaika, mpaka mwenye duka la dawa anakwambia mzigo umekwama. Na mwaka 2022 vita ya Ukraine ilivyopandisha bei mpaka lita ikapita elfu tatu, Rais Samia alitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kushusha bei. Jambo jema, lilisaidia sana. Ila fikiria ile ruzuku ilivyokuwa inagawanywa, ilikuwa kwa lita. Bodaboda akiweka lita mbili anasaidiwa lita mbili, mwenye V8 akijaza fulu tanki anasaidiwa lita zaidi ya tisini. Kodi ya muuza nyanya ilikuwa inaingia kwenye tenki la mtu anayekwenda saluni. Kwa hiyo neno hela yangu mwanangu ni kweli dukani, ila kwenye sheli sio kweli yote. Na nikutendee haki, tangu 2017 walivyofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari wakaongeza shilingi 40 kwa kila lita, mwenye gari kubwa analipa zaidi kuliko mwenye IST, hilo ni la haki na nalikubali.

Halafu ukaandika kuhusu Wazungu. Umesema hewa wamechafua wao, sisi tuna magari mangapi mpaka tuambiwe tuendeshe vigari vidogo. Kwa wao uko sahihi kabisa. Shirika la Kimataifa la Nishati limesema karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa duniani mwaka 2023 ni haya marefu ya aina ya SUV, na kwa mwaka yanatoa hewa ya ukaa zaidi ya tani bilioni moja. Paris wenyewe wameona imezidi, Februari 2024 wakapiga kura ya kupandisha ada ya maegesho mara tatu kwa magari mazito ya wageni wa jiji, katikati ya mji inafika euro 18 kwa saa. Mmarekani mmoja kwa mwaka anatoa tani 14 na zaidi za hewa ya ukaa na Mtanzania mmoja kama robo ya tani tu, na wengine wanasema haifiki hata hapo.

Ila hebu tupige hesabu ya kwako, maana we ni mtu wa hesabu. Goba unakokaa mpaka Mikocheni kazini tuseme kilomita 15 kwenda na 15 kurudi. IST ya 1,500cc kwenye foleni zetu inakupa kama kilomita 12 kwa lita, hiyo ni lita mbili na nusu kwa siku. Prado ya petroli ya 2.7 kwenye foleni hiyohiyo ukipata kilomita sita umshukuru Mungu, hiyo ni lita tano. Tofauti lita mbili na nusu kila siku. Kwa siku 300 za mwaka ni lita 750. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, watu wengi hawaamini kwamba inazidi uzito wa petroli yenyewe, ni kwa sababu kaboni inashikana na oksijeni ya hewani. Zidisha upate kilo 1,725. Na hiyo ni tofauti tu, sijahesabu Prado nzima. Watanzania kama saba mwaka mzima, usafiri wao, umeme wao, mafuta na gesi wanayochoma, vyote pamoja, wanafika hapo. Hela yake kwa bei ya elfu tatu ni milioni mbili na robo, ila hiyo ni yako siingilii.

Kwa hiyo hoja ya Wazungu ni ya shangazi yako kule Laela mkoani Rukwa, yeye ndio ana haki ya kuisema. Yeye hana gari, ana jembe, na hali ya hewa ikivurugika mvua ya mahindi ikachelewa hana mkopo wa kazini wa kukimbilia. Wewe ukishakaa kwenye Prado peke yako kwenye barabara ya lami, kwa shangazi yako umeshakuwa kama Mzungu, na hoja yake usiichukue kwa mlango wa nyuma. Samahani kama nimesema kwa ukali ila hili naliamini kwa moyo wote.

Sasa lile linalonikosesha usingizi zaidi kuliko moshi. Umeandika unataka usalama, ukipata ajali uwe kwenye chuma kizito. Nakuelewa, na mimi baba yako nataka urudi nyumbani mzima kila siku. Ila Prado ni kama tani mbili, IST ni tani moja na kidogo, ule uzito unaokulinda wewe lazima uende mahali, unakwenda kwa mwenzako. Na mjini kwetu mwenzako mara nyingi hana hata bati, yuko kwa miguu au juu ya bodaboda.

Siku ukienda yadi fanya hivi, simama mbele ya boneti ya Land Cruiser uone inakufika wapi. Mimi ilikuwa inanifika kifuani. Sasa mweke pale mtoto wa chekechea, na begi lake mgongoni, halafu kaa kwenye kiti cha dereva. Humuoni. Hata nywele huoni, unaona barabara imenyooka safi kabisa. Ndio maana sisi wa zamani kabla ya kuwasha gari tulikuwa tunalizunguka lote kwa miguu na kugonga bodi kwa kiganja, vijana wakawa wanatucheka wakidhani tunakagua tairi. Gari ndogo ikimgonga mtu mzima mara nyingi inampiga miguu anaangukia juu ya boneti, hii inampiga kifua na kichwa na inamsukuma chini ya matairi. Taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari kwa ajili ya makampuni ya bima, IIHS, ilitoa utafiti mwaka 2023 uliopitia ajali karibu 18,000 za watembea kwa miguu, wakakuta gari yenye boneti ya juu ya mita moja hivi ina uwezekano wa kuua mtembea kwa miguu zaidi kwa asilimia kama 45 kuliko gari yenye boneti fupi iliyolala. Kule kwao waliokufa wakitembea kwa miguu walikuwa elfu nne na kidogo mwaka 2009, mwaka 2022 wakapita elfu saba na mia tano. Sababu ziko nyingi, simu, taa, mwendo, ila hayo magari yamo.

Na wenzao wanatembea wachache! Kwetu Dar asubuhi ukipita Mbezi au Tabata saa kumi na mbili na nusu pembeni ya barabara ni sare tupu, watoto wanatembea kwenye mchanga wa kandokando kwa sababu njia ya miguu haipo au imejaa meza za biashara. Shirika la Amend lilitengeneza njia na matuta kwenye maeneo ya shule za msingi pale Dar, kazi ile ikapata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019, dunia nzima ikaona ni kitu cha maana, na kilikuwa ni njia ya miguu, matuta na vivuko. Kidogo tu kinaokoa mtoto. Basi na sisi wenye magari tupunguze na upande wetu.

Tena wewe mwenyewe ndani ya hilo chuma usijidanganye sana. Gari refu likiyumba kwa spidi linapinduka kirahisi kuliko lililokaa chini, barabara ya Morogoro tairi likibasti kwenye 120 hapo ukubwa haukusaidii. Mkanda, mwendo na tairi jipya vinakulinda kuliko jina la gari.

La heshima umeligusa kidogo ukalipita lakini nimeliona. Umesema ukienda harusini na gari ndogo mlinzi anakuonyesha kule nyuma. Ni kweli, nimeona, mlinzi huyohuyo alikuwa ananipigia saluti mimi dereva kwa sababu ya STK, ile namba ya gari ya serikali. Alikuwa hanisalimii mimi. Wewe umesoma, unawalea wadogo zako, kanisani wanakujua, heshima hiyo haiongezeki kwa cc.

Mwanangu, sikulazimishi IST. Najua njia ya kwenu ikinyesha inakuwa mtaro, na IST imekaa chini, itakwaruza tumbo kila masika na utaishia kwa fundi. Kwa hiyo angalia katikati hapo. Subaru Forester ya 2.0 isiyo na turbo, au RAV4, hata ile ya zamani mnayoiita Miss Tanzania ukiipata nzuri, inapanda, ina nafasi ya watu watano na mzigo wa mama yako, na kwenye mafuta iko karibu na IST kuliko Prado. Ukiagiza Japani angalia na mwaka, ikishazidi miaka minane kuna ushuru wa uchakavu unaongezeka juu, usije ukadhani umepata bei rahisi. Na kama mpango wako ni kuanza lile shamba la Laela kweli, kwenda kila mwezi na mbegu na vibarua, niambie, hapo hesabu inabadilika na mimi mwenyewe nitakusindikiza kutafuta Prado ya dizeli. Ila iwe kweli, isiwe shamba la kwenye maneno.

Nitumie video ya hiyo njia ya Goba siku mvua imenyesha, hasa pale kwenye daraja la mbao, na uniambie unabeba watu wangapi asubuhi. Usisaini chochote kabla sijaja, naja mwisho wa mwezi na basi la usiku, tutapita yadi pamoja nizisikilize injini zake.

Baba yako.