Maswali yenu ya drili: lenta, marumaru, waya na cheche

Haya, leo nayajibu yale yanayojirudia sana, mengine kwa kirefu mengine kifupi tu.

Fundi habari. Nafunga bomba la pazia, pembeni mwa dirisha drili imetoboa fresh ila juu ya dirisha inagoma kabisa na biti imekuwa ya bluu. Mashine mbovu? – Mbagala

Mashine nzima kaka, hapo juu umekutana na lenta, ile zege yenye nondo inayobeba tofali za juu ya dirisha, na zege sio mwenzake tofali. Iangalie kwanza biti yako, ya ukutani ina kichwa kipana kidogo chenye kipande cha chuma kigumu kimebandikwa nchani, kama yako imenyooka tu mpaka mwisho hiyo ni ya chuma au mbao, kwenye zege itaungua mpaka kesho na ndo hiyo bluu unayoiona. Ukishapata biti sahihi weka swichi kwenye alama ya nyundo, shika kwa mikono miwili, sukuma kwa nguvu ya kawaida sio kulalia na kifua, na kila baada ya sekunde kadhaa ichomoe itoe vumbi maana vumbi likijaa ndani biti inasaga vumbi tu. Ikigonga kitu ghafla isisogee hata kidogo umekuta nondo, usishindane nayo, hamisha tundu sentimita 3 au 4 pembeni. Lenta ngumu sana kodisha ile mashine ya SDS, drili kubwa inayogonga kwa nguvu zaidi, unaokoa muda na mkono. Halafu fisha, kile kiplastiki kinachoingia tunduni kushika skrubu, ya milimita 8 inataka biti ya 8 jamani, mnatoboa na 10 ili iingie kirahisi alafu pazia linaanguka mnalaumu fisha.

Sisi nyumba yetu ni ya kale, Mombasa, mawe na chokaa. Kila nikitoboa, tundu lageuka pango.

Zima nyundo! Jiwe la matumbawe na chokaa ya zamani vinabomoka, zungusha tu bila kugonga, anza na biti ya 5 au 6 kisha ongeza, na tumia fisha ndefu ipite plasta ishike kwenye jiwe lenyewe.

Marumaru ya bafuni nitoboe vipi isipasuke?

Bandika selotepu ya karatasi pale unapotoboa ili biti isiteleze, tumia biti ya marumaru yenye ncha kama mkuki, mwendo wa taratibu, nyundo imezimwa mpaka uwe umeivuka marumaru yote. Usitoboe pembeni kabisa ya kigae, hapo ndo panapasuka.

Nitajuaje waya umepita wapi ukutani?

Hili naomba mlisome wote maana ndo linaloua watu. Waya kwa kawaida unapanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, au unakwenda mlalo, kwa hiyo usitoboe kabisa juu, chini wala usawa wa swichi au soketi. Lakini wapo mafundi waliopitisha mshazari ili kupunguza waya, kwa hiyo usiamini macho peke yake, zima mein swichi kisha tumia drili ya betri, au kama unayo ya waya tu zima ile sakiti ya chumba hicho, vuta ekstensheni kutoka chumba chenye sakiti nyingine, na uhakikishe kwa testa kwamba umeme umekata kweli. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote, ikibaki imejiviringisha inapata moto. Bafuni na jikoni kumbuka na bomba la maji.

Nivae glovu?

Za kitambaa hapana dada, zikinaswa na biti zinavuta na vidole. Miwani ya kazi ndo lazima, na barakoa ukitoboa zege. Nywele funga, mikono mirefu ya nguo kunja, mtandio weka pembeni. Na kipande kidogo cha bati au chuma usikishike kwa mkono, bana kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubania kazi mezani, biti ikikaribia kutokea upande wa pili inanasa na kukizungusha chote.

Drili inatoa cheche nyuma, inaharufu ya kuungua.

Cheche ndogo ni kawaida. Zikiwa kubwa na harufu juu, mara nyingi kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota, zimeisha, chomoa plagi, zitoe, nenda nazo dukani wakupe za saizi hiyohiyo, badilisha zote mbili kwa pamoja.